Machungwa mawili na limau moja: Maisha ya tabibu James Lind

Msimu wa machungwa unapoingia, barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga hupendeza macho. Ukunda na Msambweni, machungwa ya Shimba Hills hupangwa mafungu mafungu, na kando yake ndimu na malimau ya achari. Mnunuzi hubonyeza, hunusa, hupatana bei, akaenda zake. Ni wachache wanaofikiri kwamba tunda hili la kawaida liliwahi kuwa dawa iliyotafutwa na mataifa makubwa ya bahari kwa zaidi ya miaka 200, huku mabaharia wakifa kwa maelfu kwa kuikosa.

Tena ni kwa tunda hilo hilo mtu mmoja alionyesha njia ya kupambanua dawa inayoponya na dawa inayosadikiwa tu kwamba inaponya. Mtu huyo ni James Lind, Mskoti, daktari wa manowari za Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1716 na kufariki mwaka 1794. Jina lake si geni kwa waliosomea udaktari. Kwa wengi wetu halijulikani, na hali sisi wa Pwani ya Kusini tuna haki ya kumjua kuliko watu wengi, kwa maana Kwale imekuwa uwanja wa majaribio makubwa ya dawa: dawa za kichocho, za matende, za minyoo, na karibuni za malaria. Anayeombwa kumeza dawa ya majaribio, au anayeambiwa kuwa dawa fulani imejaribiwa ikafaulu, yafaa ajue mambo hayo hupimwa vipi.

UGONJWA WA MABAHARIA

Ugonjwa wenyewe huitwa kiseyeye. Mtu akikaa miezi miwili mitatu bila matunda wala mboga za majani, kwanza huwa mchovu na mvivu bila sababu. Kisha fizi huvimba, hutoka damu na kuoza, meno yakalegea. Madoa ya damu huonekana chini ya ngozi, magoti hukaza, makovu ya zamani hufumuka kama vidonda vipya. Asipopata dawa, hufa. Katika meli za tanga zilizokaa baharini miezi mingi kwa biskuti ngumu na nyama ya chumvi, kiseyeye kiliua mabaharia wengi kuliko mizinga na dhoruba.

Pwani yetu imo katika habari hii tangu mapema. Mwanzoni mwa mwezi wa Aprili 1498, meli za Mreno Vasco da Gama zilipanda kutoka kusini, zikapita mbele ya Vanga, Msambweni na Diani, zikatia nanga Mombasa tarehe 7. Ndani yake walikuwamo wagonjwa. Miezi kama miwili nyuma, katika mto mmoja wa Msumbiji, fizi za mabaharia hao zilikuwa zimevimba mpaka kufunika meno. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Mwandishi aliyekuwamo safarini akaandika habari ya kupona kwao, akamshukuru Mungu, akaisifu hewa ya Mombasa.

Mwezi wa Januari 1499 Wareno hao walirudi kutoka Bara Hindi, baada ya kuhangaika baharini karibu miezi mitatu. Kiasi cha watu 30 walikuwa wamekufa njiani, na kila meli ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kuiongoza. Walipofika Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao, wakaletewa. Safari hii wengi walikufa hata baada ya kupata matunda, na baada ya siku chache meli ziling'oa nanga. Mwandishi yule yule akailaumu hewa ya Malindi.

Hebu tuyatazame mambo hayo mawili kwa utulivu. Machungwa yalikuwapo mara zote mbili. Mara ya kwanza wagonjwa walipona, sifa ikaenda kwa hewa. Mara ya pili walikufa, maana walikuwa wamekwisha kuzidiwa na muda wao nchi kavu ulikuwa mfupi, na lawama ikaenda tena kwa hewa. Mwandishi hakudanganya, aliandika aliyoyaona kwa macho yake. Kilichomponza ni kwamba hakuwa na kitu cha kulinganishia. Mombasa hapakuwa na wagonjwa walioivuta hewa ile ile bila kula machungwa, wala Malindi hapakuwa na waliokosa machungwa ili ionekane kama wao wangekufa wengi zaidi. Bila mlinganisho, jicho linaloona vizuri laweza kukosa kabisa.

KIJANA WA EDINBURGH

James Lind alizaliwa Edinburgh, katika nyumba ya mfanyabiashara. Mwaka 1731, akiwa na umri wa miaka 15, alitiwa mikononi mwa mpasuaji mmoja wa mji huo ajifunze kazi. Udaktari wa siku hizo ulikuwa wa tabaka mbili. Matabibu wa vyuo vikuu walivaa vizuri na kusoma Kilatini. Wapasuaji walijifunza kama vile fundi seremala anavyojifunza, kwa kushika vyombo na kumtazama mkubwa wao. Lind alianzia tabaka hiyo ya chini, na huenda ndiyo sababu alizoea kuamini zaidi yale aliyoyashika kwa mikono.

Mwaka 1739 alijiunga na jeshi la majini akiwa msaidizi wa mpasuaji wa meli. Alisafiri Bahari ya Kati, pwani ya Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, akaona kiseyeye kwa karibu. Wakati huo huo Uingereza yote ilipigwa na habari za Anson. Kamanda George Anson alitoka mwaka 1740 na kundi la meli zenye watu karibu 1,900 kwenda kuizunguka dunia na kupigana na Wahispania. Aliporudi mwaka 1744 zaidi ya watu 1,300 walikuwa wamekufa kwa maradhi, wengi wao kwa kiseyeye. Waliouawa na adui walihesabika kwa vidole.

Dawa, hata hivyo, hazikuwa haba. Kila mkubwa alikuwa na yake. Wengine walisema tindikali, wengine siki, wengine maji ya bahari, na kila dawa ilikuwa na mashahidi walioapa kuwa wamemwona mtu aliyepona kwayo. Hapo ndipo penye shida, kwani mabaharia wengi walipona wenyewe baada ya kufika bandarini na kupata chakula kibichi, na dawa yoyote waliyokuwa wakiinywa siku hiyo ilipata sifa ya bure.

WATU 12

Kufikia mwaka 1747 Lind alikuwa daktari wa manowari Salisbury, iliyokuwa ikilinda mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Kiseyeye kikaingia melini. Tarehe 20 Mei aliwachukua wagonjwa 12 ambao, kwa kadiri alivyoweza, hali zao zilifanana. Wote walikuwa na fizi zilizooza, madoa na udhaifu wa magoti. Akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja: uji wa sukari asubuhi, mchuzi wa kondoo mara nyingi mchana, na jioni wali au shayiri yenye zabibu kavu.

Kisha akawagawanya wawili wawili. Wawili walipewa pombe ya matofaa, kiasi cha lita moja kwa siku. Wawili walipewa matone 25 ya tindikali ya vitrioli mara tatu kwa siku, na wawili siki, vijiko viwili mara tatu kwa siku. Wawili wakanyweshwa maji ya bahari, kiasi cha robo lita. Wawili wakapewa donge la dawa lenye ukubwa wa kungumanga, lililosagwa kwa kitunguu saumu, haradali na manemane, wakateremshia kwa maji ya shayiri yaliyotiwa ukwaju. Wawili wa mwisho walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja.

Matunda yalidumu siku sita tu yakamalizika. Lakini katika siku hizo sita mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alikuwa na nafuu kiasi kwamba aliwekwa kuwauguza wengine. Walionywa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Waliobaki, hali zao hazikubadilika kwa kiasi cha kutajika.

Ubora wa jambo hili haukuwa katika kuwapa wagonjwa malimau. Mwaka 1601 nahodha Mwingereza James Lancaster, akielekea Bara Hindi, aliwapa watu wa meli yake maji ya malimau, vijiko vitatu kila asubuhi, na meli yake ikasalimika kuliko nyingine za msafara ule. Habari hiyo ilijulikana, kisha ikasahauliwa. Alichofanya Lind ni kuzisimamisha dawa sita mahali pamoja, siku zile zile, chini ya hewa moja na chakula kimoja, ili tofauti ikitokea isiwe na pa kujificha. Hewa ya Mombasa na hewa ya Malindi zisingeweza tena kupewa sifa wala lawama, maana wote 12 waliivuta hewa ile ile.

KASORO ZA JARIBIO

Kumheshimu mtu hakutuzuii kuikagua kazi yake. Lind mwenyewe aliwakagua waliomtangulia, basi na sisi tumfanyie vivyo hivyo.

Kwanza, watu 12 ni wachache mno. Katika kila fungu wamo wawili tu, na wawili waweza kupona au kuzidiwa kwa bahati tu. Lililoliokoa jaribio hili ni kwamba tofauti ilikuwa kubwa sana. Kama malimau yangekuwa na nguvu ndogo, watu wawili wasingeionyesha.

Pili, hatuambiwi ni kwa njia gani aliamua nani apewe nini. Hakupiga kura. Tena, yeye mwenyewe ameeleza kwamba wagonjwa wawili waliokuwa hoi kuliko wote, ambao mishipa ya nyuma ya magoti ilikuwa imekakamaa, ndio aliowapa maji ya bahari. Hapo mlinganisho umepinda. Waliokunywa maji ya bahari wasipopona, tutajuaje kama ni kwa udhaifu wa dawa au ni kwa ukali wa ugonjwa wao? Mtu anayeshindanisha ngalawa mbili hapakii mawe katika moja.

Tatu, kila mtu alijua anachokunywa, na aliyehukumu nani amepata nafuu ndiye yule yule aliyetoa dawa. Mtu akitumaini jambo, macho yake hulitafuta.

Kasoro hizo hazilifuti jaribio. Zinatuonyesha tu ni neno gani twaweza kulitegemea na kwa kiasi gani. Juu ya machungwa na malimau, ushahidi ulikuwa na nguvu. Juu ya maji ya bahari ulikuwa dhaifu.

KITABU CHA 1753

Lind aliacha jeshi mwaka 1748, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1750 akapokewa katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha mji huo. Mwanafunzi wa mpasuaji sasa alikuwa tabibu kamili. Mwaka 1753 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya kiseyeye, akamtunukia Anson.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya kusoma. Alikusanya maandishi ya waliomtangulia juu ya ugonjwa huo, akayapitia moja moja na kuuliza: mwandishi huyu aliona wagonjwa mwenyewe, au anakariri maneno ya mwingine? Aligundua kwamba wengi walioandika juu ya kiseyeye cha baharini hawakuwahi kukanyaga meli, na kwamba kosa la mmoja lilinakiliwa na kumi, kisha likaonekana kuwa kweli kwa sababu linasemwa na watu kumi. Alieleza kwamba ilimlazimu kwanza kuondoa takataka nyingi ndipo jambo lionekane wazi. Kazi ya namna hiyo, ya kuukusanya ushahidi wote na kuuchuja, leo hufanywa na makundi ya wataalamu duniani kote.

Lakini ajabu ni hii. Jaribio la machungwa na malimau limo ndani ya kitabu hicho cha kurasa zaidi ya 400, tena limeelezwa kwa aya chache tu. Sehemu iliyobaki imejaa nadharia za zama zake. Lind aliamini kwamba kiseyeye hutokana na unyevunyevu wa hewa ya baharini unaoziba matundu ya ngozi, na kwamba malimau hutibu mtu aliyekwisha kuharibika kwa unyevunyevu huo. Hakujua kwamba mwili una haja ya kitu kilichomo katika tunda. Ushahidi wake ulikuwa mbele ya nadharia yake, naye akashikilia nadharia. Wakubwa wa jeshi la majini walisoma, wakaweka kitabu rafuni.

HASLAR NA JUISI YA KUPIKWA

Mwaka 1758 Lind aliwekwa kuwa tabibu mkuu wa Haslar, hospitali kubwa ya jeshi la majini karibu na Portsmouth. Katika miaka miwili ya mwanzo ilipokea wagonjwa wa kiseyeye zaidi ya 1,000. Hapakuwa na mtu duniani aliyepata nafasi bora ya kurudia jaribio la Salisbury kwa wagonjwa wengi zaidi.

Hapo ndipo maisha ya mtu huyu mwema yanapotia huzuni. Malimau huoza safarini, na Lind alitaka kuwasaidia mabaharia wayachukue baharini kwa miezi. Akapendekeza juisi ipashwe moto polepole kwa saa nyingi mpaka iwe nzito kama asali, kisha itiwe chupani. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Ila hakulipima kama alivyoyapima matunda yenyewe. Hakuchukua wagonjwa wanaofanana, akawapa hawa juisi mbichi na wale juisi ya kupikwa, akaona. Moto ule wa saa nyingi, pamoja na kukaa chupani, uliharibu sehemu kubwa ya kile kinachoponya. Waliopewa juisi ya kupikwa hawakupona inavyopasa, na baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba malimau hayana maana.

Nahodha James Cook naye aliongeza utata bila kukusudia. Katika safari yake ya 1768 hadi 1771 alichukua dawa za kila aina pamoja: kimea cha shayiri, kabichi iliyochachushwa, juisi ya kupikwa, na kila alipofika nchi kavu alinunua mboga na matunda mabichi. Watu wake hawakufa kwa kiseyeye. Lakini kwa kuwa alitumia vyote kwa mara moja, hakuna aliyeweza kusema ni kipi kilichofanya kazi. Sifa kubwa ikaenda kwa kimea cha shayiri, ambacho hakina nguvu yoyote ya maana juu ya kiseyeye. Kimea ni rahisi kuliko malimau, na wakubwa walikipenda.

Lind aliandika pia juu ya usafi wa mabaharia, juu ya maradhi ya nchi za joto, na juu ya kupata maji matamu kwa kuvukiza maji ya bahari. Alistaafu mwaka 1783, mwanawe John akashika nafasi yake Haslar. Alifariki tarehe 13 Julai 1794 huko Gosport, akazikwa katika kanisa la Portchester.

BAADA YA KIFO

Mwaka huo huo aliofariki, manowari Suffolk ilisafiri kwenda Bara Hindi wiki 23 bila kutia nanga, mabaharia wakipewa maji ya malimau kila siku, na kiseyeye hakikuwashinda. Mwaka 1795, kwa msukumo wa tabibu Gilbert Blane, jeshi la majini la Uingereza likaamuru maji ya malimau yatolewe. Tangu kitabu cha Lind ilikuwa imepita miaka 42.

Hata hapo masomo hayakwisha. Katikati ya karne ya 19 Waingereza waliacha malimau ya Bahari ya Kati wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi. Wao walikuwa wakiyaita matunda hayo mawili kwa jina moja, wala hawakuona tofauti. Mwanamke wa Kimsambweni anayetia achari asingekosea hivyo, maana kwake limau ni limau na ndimu ni ndimu. Watu wakadhani kuwa kitu kichungu ni kitu kichungu, wala hawakupima upya. Kiseyeye kikarudi katika msafara wa kwenda Ncha ya Kaskazini wa 1875 na 1876. Mwaka 1918 wanasayansi wa London, wakiongozwa na Bi. Harriette Chick, walionyesha kwamba juisi ile ya ndimu ilikuwa na nguvu ya karibu robo tu ya juisi ya malimau. Chenyewe kinachoponya, vitamini C, kilitambuliwa katika miaka ya 1928 hadi 1932, na Albert Szent-Györgyi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Njia ya Lind nayo ilikamilishwa polepole. Mwaka 1948 ilichapishwa habari ya jaribio la streptomisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Uingereza, lililoandaliwa na mtaalamu wa hesabu Austin Bradford Hill. Humo wagonjwa waligawanywa kwa kura, na waliozisoma picha za vifua hawakujua ni nani aliyepata dawa. Kasoro za Salisbury zikapata tiba.

KWALE YA LEO

Wenye kutaka kuona urithi wa Lind hawana haja ya kwenda Uingereza. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 Kwale ilikuwa mahali pa jaribio liitwalo TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, lililohusisha taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI. Swali lilikuwa hili: ili kupunguza minyoo ya safura, yatosha kuwapa dawa watoto shuleni mara moja kwa mwaka, au watu wote vijijini wapewe? Maeneo 120 yaligawanywa kwa kura katika mafungu matatu.

Baada ya miezi 24, katika fungu la shule tu, wenye safura walishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotolewa dawa kwa watu wote mara moja kwa mwaka walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Palipotolewa mara mbili kwa mwaka, kutoka 20.6 hadi 6.2. Msomaji na azingatie fungu la kwanza. Kama watafiti wangelitazama hilo peke yake, wangeona minyoo imepungua, wakashangilia na kwenda zao. Ni kwa sababu mafungu mengine yalisimama kando yake ndipo ikajulikana kwamba zaidi yawezekana.

Kisha ikaja ivermektini. Mwishoni mwa mwaka 2023 watu wa Kwale walipewa dawa hiyo mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, katika jaribio liitwalo BOHEMIA, ili mbu anayewauma afe. Maeneo mengine, kwa kura, yalipewa dawa ya minyoo ya albendazoli ya kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, zaidi ya faida ya vyandarua. Si muujiza, na hakuna aliyeambiwa atupe chandarua chake.

Na ni dawa hiyo hiyo ambayo wakati wa Korona watu wengi duniani waliimeza kwa kusikia kuwa fulani alikunywa akapona. Majaribio makubwa ya kura, likiwamo la Brazil lililochapishwa mwaka 2022, hayakuona faida. Dawa moja, maradhi mawili, majibu mawili. Anayesema dawa ni nzuri hajasema kitu mpaka aseme ni nzuri kwa ugonjwa gani na kuliko nini.

Basi siku mhudumu wa afya atakapobisha hodi Gazi au Kinondo na dawa mpya mkononi, mwenye nyumba hana sababu ya kumfukuza, wala hana sababu ya kumeza kimya. Na amkaribishe, kisha amuulize kwa adabu. Dawa hii imelinganishwa na nini? Watu walikuwa wangapi, nao waligawanywa kwa kura au kwa kuchaguliwa? Aliyehesabu waliopona alijua nani amepewa nini? Walioacha katikati wamehesabiwa? Na dawa iliyojaribiwa ndiyo hii hii niliyoletewa, au imepikwa upya na kutiwa chupani?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo Lind hakujiuliza. Lingeulizwa Haslar, pengine mabaharia wengi wangefika kwao wakiwa hai.